Ukifungua Sana Maji Yanapoa: Safari ya Shawa ya Umeme Mpaka Matogoro

Wadau, aliyewahi kuoga Matogoro mwezi Juni au Julai hahitaji kuhadithiwa baridi. Mtaa uko chini ya milima ile ile ambako mto Ruvuma unaanzia, na maji ya bombani asubuhi yanauma mpaka kwenye mifupa. Ndiyo maana shawa ya umeme huku ni heshima ya nyumba. Ila ndiyo hiyo hiyo inayogombanisha watu: baba mwenye nyumba analalamika kauziwa feki, mpangaji anamlaumu fundi. Kumbe mara nyingi shawa haina kosa lolote.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1868, jijini London, mpaka rangi mmoja aitwaye Benjamin Waddy Maughan alitengeneza chombo cha gesi kinachochemsha maji papo hapo, bila tangi. Akakiita geyser, jina la chemchemi za moto za Iceland. Maji yanapita, moto unayakuta njiani, yanatoka yamechemka. Balaa lake ni kwamba hakikuwa na bomba la kutoa moshi nje, kwa hiyo unaoga huku unavuta hewa ya sumu.

Miaka ya 1930 Wabrazili wakaja na njia rahisi zaidi: koili ya umeme ndani ya kichwa cha shawa chenyewe. Huyo ndiye babu wa hizi zinazofungwa mabafuni kwetu leo.

Matogoro ilichelewa, na sababu ilikuwa umeme. Kwa miaka mingi Songea ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na mgao haukuisha. Watu walichemsha maji kwa kuni au mkaa, ndoo moja, kopo moja, maisha yanaendelea. Mwaka 2018 laini ya kutoka Makambako ikaiunganisha Songea na gridi ya taifa. Hapo ndipo shawa ya wati 5,500 ikaanza kuwa na maana.

Sasa ugomvi ulianzia wapi? Koili ina nguvu ile ile muda wote. Maji yakipita taratibu yanakaa nayo, yanapata moto. Yakipita mbio yanaondoka kabla hayajashiba.

Piga hesabu. Maji yanaingia na nyuzi 16. Ukifungua lita 3 kwa dakika, shawa ya wati 5,500 inayapandisha kama nyuzi 26, unapata 42, raha mustarehe. Ukifungua lita 6, yanapanda nyuzi 13 tu, unabaki na 29, meno yanagongana. Shawa hiyo hiyo ukiipeleka Dar, maji yakaingia na nyuzi 27, kwa lita 6 unapata 40. Ndiyo maana ndugu yako wa Dar anaisifia na wewe unaitukana!

Lakini usibane bomba kupita kiasi. Ndani kuna swichi inayosukumwa na presha ya maji ndipo koili iwake. Tangi likiwa juu mita moja tu kutoka kwenye shawa, presha ni ndogo na shawa inaweza isiwake kabisa. Dawa ni kuinua tangi, siyo kununua shawa nyingine.

La mwisho siyo la utani. Wati 5,500 ni kama ampea 24, wakati soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Shawa inataka waya wake mnene kutoka meinswichi, swichi yake yenyewe, na ethi ya kweli iliyozikwa ardhini. Nyumba nyingi watu wanaruka ethi ili kuokoa hela, halafu wanasimama kwenye maji na kushika shawa kwa mkono uliolowa. Baridi ya Matogoro haijawahi kumuua mtu bafuni. Shawa isiyo na ethi inaweza.

Kwenu ethi ipo? Kaangalie kwanza, ndiyo urudi kukoment.