Familia, Kipato na Matibabu ya Mtoto Mwenye Pumu

Pumu ni ugonjwa wa kila siku unaojitokeza kwa vipindi. Njia za hewa za mtoto hubaki na uvimbe hata anapocheza bila kukohoa. Mafua, vumbi au moshi ukizichokoza, hubana na kifua kikaanza kutoa mlio kama filimbi. Kwa sababu hiyo dawa zake kuu ni za aina mbili: salbutamoli, inayofungua njia hizo ndani ya dakika chache, na steroidi za kuvuta kama beklometasoni, zinazotuliza uvimbe zikitumiwa kila siku. Aina zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, kaya nyingi za Tanzania na Kenya huijua ya kwanza tu. Mtoto hukimbizwa hospitali usiku akiwa amebanwa, huvutishwa dawa kwa mashine, hupata nafuu, na kliniki haonekani tena.

Mwenendo huo huitwa uzembe wa wazazi. Hukumu hiyo si ya haki. Kwa mama anayeuza mboga, siku ya kliniki ni siku bila kipato, na nauli juu yake. Usiku wa kubanwa ni tofauti: baba aliye mbali hutuma pesa kwa simu, jirani hukopesha, bodaboda hukubali kulipwa kesho. Hakuna anayechangisha fedha kwa ajili ya mtoto anayecheza mpira. Msaada wa ukoo hufuata shambulio, na matibabu hufuata msaada.

Huduma zenyewe huimarisha mazoea hayo. Tanzania husamehe ada watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya umma, lakini msamaha hauleti dawa isiyokuwepo dirishani, na umri huo ndio ambao pumu ni vigumu kuithibitisha. Mtoto huambiwa ana "kifua" au nimonia, hupewa antibiotiki mara kwa mara, na familia isiyopewa jina la ugonjwa haiwezi kuona haja ya dawa ya kila siku. Inhela, kifaa cha kuvutia dawa hizo, nayo huogopwa: wapo wanaoamini kwamba aliyeianza hataiacha, au kwamba ni ya mahututi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni nani anayelala na mtoto. Maelekezo hupewa aliyemleta, pengine shangazi, ilhali anayesikia kikohozi cha alfajiri ni bibi. Mtoto anayehamia kwa bibi wakati wa likizo huiacha inhela mjini. Vilevile, ushauri wa kuepuka moshi hauna maana kwa familia inayopikia mkaa katika chumba kimoja cha kupanga. Anayegombezwa kwa asichoweza kubadili hujifunza kutorudi.

Si kila kikwazo ni ghali kukiondoa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa na kufungwa vizuri kwenye inhela, iliwafungulia watoto waliobanwa njia za hewa sawa na chemba ya kuvutia dawa inayouzwa dukani. Kinachohitajika zaidi ni mtoto kutoka wodini na dawa ya kila siku mkononi, na mlezi wake wa usiku kuitwa kabla hajaruhusiwa, aoneshwe jinsi ya kuitumia, kisha naye aoneshe mbele ya muuguzi.