Fahamu maana ya neno 'hustle' na lilikotoka

Kocha wa mpira wa kikapu akipaza sauti "hustle!", anataka wachezaji waongeze kasi. Kwa Kiingereza, ni kufanya jambo haraka na kujituma.

Asili yake ni Kiholanzi, 'hutselen', yaani kutikisa. Liliingia kwenye Kiingereza karne ya 17, baadaye likawa na maana ya kusukumana, kisha kuharakisha.

Kenya, 'hasla' ni mwananchi wa kawaida anayehangaika kutafuta riziki. Mwaka 2022 serikali ilizindua hata mikopo ya Hustler Fund.

Lakini Marekani, 'hustler' anaweza kuwa tapeli kabisa! Kwa hiyo ukiomba kazi nje, usijiite hivyo kwenye CV. Bosi anaweza kukuelewa vibaya.