Mikono Mingi, Jina Moja

Mwaka 1925, mjini Paris, akina Breton, Prévert na Tanguy walianza mchezo wa kupokezana karatasi: mmoja huchora kichwa, hukunja, naye mwenziwe huendeleza kiwiliwili pasipo kuona kilichotangulia. Umbo litokealo si la mmoja wao.

Karagwe iliijua kazi ya kupokezana zamani, ingawa haikuwa mchezo. Mwaka 1876 Stanley, mgeni wa Omukama Rumanyika, aliona katika nyumba ya hazina bata wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Mapokeo humsifu Ndagara, babaye Rumanyika, kuwa mfalme mhunzi. Lakini shaba ililetwa kwa biashara ya mbali. Nayo ilihitaji mchukuzi, mchoma makaa, mvuta mivuo na mfuaji.

Wachezaji wa Paris twawajua kwa majina; mafundi wa Karagwe jina la mfalme limewafunika. Tangu 2012 sehemu ya nchi hiyo ni wilaya ya Kyerwa. Basi wajukuu wa mafundi hao wamo katika wilaya zote mbili, na urithi ule ni wao pia, si wa ikulu peke yake.