Kikombe cha Babu na Nguvu ya Kuamini

Leo turudi nyuma kidogo katika historia, kwa sababu swali ninaloulizwa mara nyingi kliniki hapa Kangema ni hili: "Sista, nikiamini nimepona, si nimepona?"

Wazee wetu wa Murang'a walilijua jambo hili zamani. Mtu aliyevunja mwiko aliambiwa ameshikwa na thahu. Kwa hofu hakulala, hakula, akakonda. Familia ilimwita mundu mugo. Mbuzi alichinjwa, mgonjwa akalamba dawa na kuitema chini huku thahu ikitajwa, na jamaa zake wakishuhudia kwamba ametakaswa. Jomo Kenyatta alieleza utakaso wa namna hii katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya. Aliyetakaswa alipata tena usingizi na hamu ya kula. Tusiwacheke wazee. Hofu ilikuwa imemdhuru kweli, na kuondolewa hofu kulimsaidia kweli.

Sasa tuje karibu. Mwaka wa 2011 habari zilienea kote Afrika Mashariki kuhusu Babu wa Loliondo. Huyu alikuwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri katika kijiji cha Samunge, kaskazini mwa Tanzania. Alisema Mungu amemwonyesha dawa katika ndoto. Alichemsha mizizi ya mti uitwao mugariga, ambao ni mukawa wetu huu wa huku, na kila mtu akapewa kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania. Kikombe kilisemekana kuponya Ukimwi, kisukari, saratani na shinikizo la damu, mradi utoke mkononi mwake mwenyewe. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wakenya pia walivuka mpaka. Makumi ya wagonjwa walifariki kabla ya kukifikia kikombe, na mwishoni mwa Machi mwaka huo Babu mwenyewe aliomba watu wasije kwa muda ili foleni ipungue. Alifariki Julai 2021.

Je, waliosema wanajisikia vizuri walikuwa waongo? Hapana. Mwaka wa 1978 madaktari wa San Francisco, Marekani, waliwapa watu waliong'olewa meno dawa isiyo na kitu ndani yake. Baadhi yao maumivu yalipungua. Kisha wakapewa dawa nyingine inayozuia vitulizo ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe, na maumivu yakarudi. Maana yake ni kwamba kuamini kulikuwa kumeufanya mwili utoe kitulizo chake. Kwa hiyo maumivu, kichefuchefu, uchovu na wasiwasi vyaweza kupungua kwa imani.

Lakini virusi vya Ukimwi havisikii ahadi. Sukari katika damu haijui kama umesafiri siku tatu. Shinikizo la damu laweza kuwa juu nawe ukajisikia mzima kabisa. Hapo ndipo hatari ilipo: imani hubadilisha unavyojisikia, na wewe unadhani imebadilisha ugonjwa.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Mzee mmoja jirani yetu, mgonjwa wa kisukari, alirudi kutoka Loliondo akitembea kama kijana. Tulifurahi sote. Dawa zake akazitupa chooni. Miezi michache baadaye alipata kidonda mguuni ambacho hakikumuuma, hivyo hakukijali. Alipofikishwa hospitali, vidole viwili vilikatwa. Aliniambia, "Mwanangu, nilijisikia vizuri mpaka siku ile ya mwisho." Maneno hayo sijayasahau.

Basi tufanyeje na imani? Tusiitupe, tuipe kazi yake.

Kwanza, omba, ombewa, lakini vidonge usiviache. Anayemwambia mgonjwa aache ARV, dawa za kisukari au za presha anamhatarisha, awe mganga, mhubiri au jamaa.

Pili, pima. Ukiamini umepona, njoo tupime sukari, presha au wingi wa virusi. Kama umepona kweli, kipimo hakitakudhuru. Daktari ndiye atakayepunguza dawa.

Tatu, tumia watu wako kama wazee walivyofanya. Mundu mugo hakumtibu mtu peke yake gizani, jamaa walikuwapo. Anayetaka kuacha pombe au kuzoea dawa za kila siku amwambie mke, mume, au rafiki wa kanisani. Mtu akiaminiwa nyumbani huamka kesho akajaribu tena.

Na sisi wauguzi tujichunguze. Babu alimkabidhi kila mtu kikombe kwa mkono wake. Mgonjwa anayetupiwa vidonge dirishani bila hata salamu, ataviaminije?