Baiskeli za Raskazone, Novemba 1914

Raskazone ni rasi inayochomoza mashariki ya mji wa Tanga. Barabara yake ni tambarare, na jioni humfaa mwendesha baiskeli anayetaka picha za mikoko, ndege wa pwani na Kisiwa cha Toten. Safari ya baiskeli iliyoiingiza rasi hiyo katika vitabu vya historia, hata hivyo, ilifanywa bila kamera, usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1914.

Tarehe 2, manowari ya Kiingereza HMS Fox iliutaka mji, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, usalimu amri. Ulipokataa, jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, likaanza kushuka Raskazone chini ya Jenerali Aitken. Shambulio lake la kwanza lilirudishwa nyuma. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawasili kwa reli ya Usambara, akapanda baiskeli pamoja na wenzake wawili kwenda kujionea.

Walipita mitaa mitupu chini ya mbalamwezi kali. Bandarini meli za adui ziling'aa kwa taa na kujaa kelele, naye, kwa maelezo yake mwenyewe, alisikitika kwamba mizinga yake miwili ya mtindo wa 1873 ilikuwa haijafika. Baiskeli waliziacha hospitali ya Wajerumani, wakateremka ufukweni kwa miguu. Wakati wa kurudi, doria iliwapigia kelele kwa lugha wasiyoijua, yaelekea ya Wahindi. Wakapanda baiskeli wakaenda zao. Kwa kamanda wa jeshi zima, huo ni ujasiri unaopakana na upumbavu, lakini alirudi akijua kwamba mji bado uko wazi. Akapanga askari wake, wapatao 1,000, upande wa mashariki.

Alasiri ya tarehe 4 walipigana vichakani na mashambani. Risasi zilitibua nyuki, na nyuki hawakuchagua bendera: waliwatawanya Waingereza, wakawafukuza pia Wajerumani kwenye bunduki zao za rashasha. Uvumi ulioenea Uingereza kwamba Wajerumani waliwatega wadudu hao hauna msingi.

Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, zaidi ya 800 kati yao wakiwa wameuawa au kujeruhiwa. Waliacha rashasha 16, mamia ya bunduki na risasi 600,000, zilizotosha kuzipa silaha mpya kombania tatu za Lettow-Vorbeck.