Amplifaya za Kigali: soma kibandiko cha umeme kabla ya kupakia

Umeme wa nyumbani nchini Rwanda ni volti 230, hezi 50. Kwa mfanyabiashara anayepeleka amplifaya Kigali, mpya au mtumba, tarakimu hizo ndizo zinazoamua kama mzigo utauzika au utaungua siku ya kujaribiwa dukani.

Amplifaya za zamani hutumia transfoma ya chuma na nyaya za shaba, inayopunguza volti kwa kiwango kilichopangwa kiwandani. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani (volti 100) au Marekani (volti 120) ikichomekwa Kigali hukata fyuzi au huungua transfoma. Baadhi zina swichi ya 110/220 nyuma: iwekwe 220 kabla ya kuwasha. Zisizo nayo huhitaji transfoma ya kushusha umeme, na mnunuzi ataikata gharama hiyo kwenye bei.

Amplifaya nyingi za sasa zimebadilika. Umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa DC, kisha hukatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo transfoma ndogo inatosha. Sehemu ya kukuza sauti nayo ni ya daraja D, ambayo hutumia takriban asilimia 90 ya umeme inaopewa. Ile ya zamani ya daraja AB haiwezi kuvuka asilimia 78.5 hata kwa hesabu, na unaobaki huwa joto. Ndiyo maana mpya hazina mabati makubwa ya kupoozea.

Lakini wepesi si ushahidi. Zipo nyepesi za volti 120 tu. Salama ni ile iliyoandikwa "100-240V, 50/60Hz".

Kwa msafirishaji, ukubwa wa kasha hauonyeshi uzito. Amplifaya za transfoma ya chuma zipangwe chini, zikiwa zimelala na kubanwa vizuri, kwani mtikisiko wa barabara unaweza kuing'oa transfoma na kuvunja bodi.

Angalia pia plagi. Rwanda hutumia ya pini za duara, wakati bidhaa za soko la Kenya na Uganda huja na pini tatu bapa.

Kwenye hati za forodha, amplifaya huingia fungu 8518. Zenye redio ndani, fungu 8527. Piga picha ya kibandiko cha nyuma kabla ya kulipia mzigo.