Linux ipi inafaa kwa seva ya biashara? Somo langu la Nyamuswa

Vijana wa hapa na wa Bunda mjini huniuliza swali hili karibu kila wiki: "Kaka, tumepata kompyuta ya kuwa seva ya duka, tuweke Linux gani?" Kabla sijajibu, niwape yaliyonikuta.

Mwaka 2020 niliweka CentOS 8 kwenye seva ya duka moja la jumla. Mauzo, stoo, madeni ya wateja, vyote humo. Nikamwambia mwenye duka, "Mzee, hii mpaka 2029 lala usingizi." Ndivyo ilivyokuwa imetangazwa. Kumbe! Tarehe 8 Desemba 2020 likatoka tangazo kwamba CentOS 8 inafikia mwisho 31 Desemba 2021. Miaka kama minane imeyeyuka. Nilivyorudi kumweleza, mzee akaniuliza taratibu: "Mwanangu, uliniahidi kwa mali ya nani?"

Swali lake ndilo ninalotumia mpaka leo. Usianze na ipi nzuri kwa sura. Uliza: nani ameshika kamba, masasisho ya usalama yanafika mwaka gani, na mashine yangu inaiweza?

1. RED HAT NA SUSE
Hizi zina kampuni nyuma yake na unalipia kwa mwaka. Benki na ofisi kubwa wanazipenda kwa sababu kukitokea tatizo kuna mtu wa kumpigia simu. Pia programu kama Oracle Database zimeidhinishwa kwa familia hizi, siyo kwa Debian. Kwa duka la kijijini ni mzigo.

2. ALMALINUX NA ROCKY LINUX
Hawa ndio warithi wa CentOS, wote walitoka 2021, wote bure. CentOS ilikuwa mikononi mwa Red Hat tangu 2014, na Red Hat yenyewe ilinunuliwa na IBM 2019, ndiyo maana uamuzi wa ofisi moja ulitufikia mpaka huku. Rocky ilianzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS. AlmaLinux ilianzishwa na kampuni ya CloudLinux, halafu ikakabidhiwa taasisi isiyo ya faida. Kila toleo kubwa hupata masasisho ya usalama kwa miaka 10 hivi. Toleo la 9 linafika 2032.

3. DEBIAN
Ipo tangu 1993, inaendeshwa na watu wa kujitolea, haina kampuni ya kuiuza. Masasisho ni miaka 3 ya kawaida na 2 ya nyongeza, jumla 5. Debian 13 ilitoka Agosti 2025, kwa hiyo inakupeleka 2030. Haina mbwembwe, na RAM inakula kidogo.

4. UBUNTU SERVER
Wakongwe mnaikumbuka, maana mpaka 2011 walikuwa wanatuma CD bure kwa posta. Chukua LTS tu, inayotoka kila baada ya miaka miwili, na inapewa miaka 5. Ukijisajili Ubuntu Pro unafika miaka 10, bure kwa mashine zisizozidi 5. Maelezo yake kwenye mtandao ni mengi kuliko zote, kwa hiyo anayeanza hapotei. Kamba ameishika Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini.

MASHINE ZA MTUMBA
Hapa wengi wanaumia. Rocky 10 inataka prosesa yenye AVX2, yaani kwa Intel ni zile za kuanzia 2013 hivi, na hata hapo siyo zote. Mashine nyingi tunazonunua mtumba ni za nyuma ya hapo. Washa mashine kwa flashi yenye Linux yoyote, andika lscpu, kisha tafuta neno avx2. Halipo? Nenda Debian, Ubuntu 24.04 au AlmaLinux 9. Na kama mashine ni ya biti 32, Debian 13 haiingii kabisa.

BANDO NA UMEME
Faili la netinst la Debian halifiki GB 1. Ubuntu Server inazidi GB 2, na DVD nzima ya AlmaLinux 9 inazidi GB 8, bora uchukue Minimal. Ukiwa na mashine kadhaa za Debian au Ubuntu, weka apt-cacher-ng kwenye mojawapo: kifurushi kinashushwa mara moja, zingine zinachukua hapo hapo. Na distro yoyote ile, bila UPS na nakala ya data iliyo nje ya seva, unacheza na mali ya mtu.

MSIMAMO WANGU
Duka au Saccos ndogo: Debian. Ndiyo kwanza unaanza: Ubuntu LTS. Programu inadai familia ya Red Hat: AlmaLinux au Rocky.

Na yule mzee? Mwaka 2021 nilinakili data yote kwenye diski ya nje, nikaendesha skripti ya almalinux-deploy, CentOS 8 ikageuka AlmaLinux 8 bila kufuta kitu. Masasisho yake yanafika 2029, mwaka ule ule niliomwahidi. Ila safari hii nilimwambia kamba ameishika nani.

Wewe unatumia ipi, na imekuangusha wapi? Tupia hapo chini tujifunze. Nawasilisha.